Kitale hadi Bungoma kwa Njia ya Mlimani

Kutoka Kitale kwenda Bungoma ipo njia ya wenye haraka. Unapanda matatu asubuhi, unapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, unaibukia Webuye, unakata kulia, na kabla jua halijawa kali umeshafika. Mimi nilishika njia nyingine, ile inayoachana na barabara kuu pale Kamukuywa na kupanda ubavu wa Mlima Elgon kupitia Kaptama na Kapsokwony, ikazunguka kuelekea Kopsiro, ndipo iteremke Sirisia na Chwele. Nilikuwa na deni huko mlimani. Nilikuwa nalo tangu 2008, na lilihusu sanduku.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni karibu na mji wa Kitale. Shule zilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya fujo za baada ya uchaguzi. Tuliporudi tulikuta uwanja wa maonyesho ya kilimo umejaa mahema ya watu waliofurushwa makwao, wengi wakitoka upande wa Endebess. Bwenini, kitanda cha juu yangu kilibaki kitupu. Mwenyewe alikuwa kijana wa Kopsiro, mpole, hodari wa hesabu, ambaye kila muhula alikuja na vitunguu katika mfuko wa nailoni na kuvigawa kwa wenzake wote. Sanduku lake la bati lilikuwa stoo pale pale alipoliacha Novemba, limefungwa kwa kufuli dogo la shaba. Muhula wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Mwezi wa kumi akaja mjomba wake. Akatia sahihi kwenye daftari la bweni, nami nikamsaidia kulibeba sanduku hadi langoni. Nikamwuliza, "Mjomba, atarudi?" Akasema, "Hatarudi, kijana." Sikumwuliza kwa nini, naye hakuongeza neno. Hakuwa na ufunguo. Aliliweka begani na kuondoka nalo vile vile, limefungwa.

Nimekuwa mtu mzima, nimeajiriwa, nimeoa, na siku zote hizo sikuwahi kupanda gari kwenda kuuliza. Kopsiro haiko mbali. Hilo ndilo deni lenyewe.

Ilikuwa mwezi wa tano, mahindi ya Trans Nzoia yamefika magotini. Aliyekaa kando yangu kwenye matatu alikuwa mama mmoja wa upande wa Kapenguria, akienda Bungoma kwa binti yake aliyejifungua, na kuku miguuni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kila mtu alikuwa akizungumzia mvua. Mzee wa kiti cha mbele alisema afadhali mvua kuliko viwavi, maana mwaka 2017 viwavi jeshi wapya walipoingia mashamba ya huku, yeye alikwenda kulala shamba likiwa kijani, na wiki moja baadaye majani yamebaki nyuzi. Mama wa Kapenguria alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema kwao mvua ndiyo iliyowamaliza.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, milima ya Pokot Magharibi ilimeguka katika vijiji kadhaa kwa wakati mmoja, Nyarkulian, Parua, Muino, Tamkal. Watu zaidi ya 40 walifariki, wakiwemo watoto waliolala. Madaraja yalisombwa, na waokoaji waliotoka Kitale na Kapenguria wakakwama njiani, mvua ikiendelea kunyesha. Nilimwuliza alisikia nini usiku ule. Akasema, "Kama lori linalomwaga kokoto. Lakini lori humaliza kumwaga. Hili halikumaliza." Akawageuza kuku wake wakapumua vizuri, akatazama nje.

Tulipokaribia Kamukuywa dereva alipunguza mwendo kabla hajafika kwenye mteremko, na gari zima likanyamaza. Kila msafiri wa njia hii analijua daraja lile. Barabara inashuka kwa kasi pande zote mbili na kukutana chini kwenye daraja, na lori likikatika breki halina pa kwenda ila kwa aliye mbele yake. Desemba 2017 watu zaidi ya 10 walikufa hapa katika ajali moja. Mwezi ule ule, alfajiri ya siku ya mwisho ya mwaka, watu 36 wakafa Migaa katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, jirani na Sachangwan, mahali ambapo Januari 2009 lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, na moto ukaua zaidi ya 100. Baada ya Migaa serikali ilipiga marufuku mabasi kusafiri usiku, kisha marufuku ikalegezwa. Nasema haya kwa uchungu. Mteremko wa Kamukuywa haukuanza jana, na umbo lake linapimika kwa kamba na kipimio. Mahali panapoua watu kwa namna ile ile mara kwa mara panahitaji mhandisi kabla ya kuhitaji maombi. Hapo nilishuka. Mama wa Kapenguria alinishika mkono kupitia dirishani, akaniambia, "Huko unakokwenda kaangalie unapolala."

Kutoka Kamukuywa kwenda juu unauona mlima ukifanya kazi. Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, yenye kilele cha mita 4,321 upande wa Uganda, na majivu yake ya kale yameoza yakawa udongo mwekundu, mzito, wenye kina cha kumzidi mtu kimo. Udongo huo hauchoki. Kahawa, vitunguu, viazi, kabeji, migomba, vyote vinasimama kando ya barabara vikiwa na afya ambayo mkulima wa nyanda kavu angelia akiiona. Lakini udongo huo huo hunywa maji taratibu na kuyashika. Miti mikubwa ikiwapo, mizizi yake huushona kwenye mwamba. Miti ikikatwa na mteremko ukachongwa kuweka uwanja wa nyumba, mvua ya siku nyingi ikija udongo unavimba, unakuwa mzito kuliko unavyoweza kubebwa, na siku moja unaachia. Sehemu kubwa ya maji ya upande huu huishia Nzoia, na Nzoia huyapeleka Budalang'i, kwenye kingo za udongo zilizojengwa kuuzuia mto usiingie mashambani. Zimepasuka mara nyingi kiasi kwamba watoto wa kule hujua njia ya kwenda kwenye kambi kama wanavyojua njia ya shule. Mei 2020 mto ulipozipasua, Ziwa Victoria nalo lilikuwa limepanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kuliko kiwango cha 1964, kwa hiyo maji ya mto hayakuwa na pa kushukia. Katika kijito kimoja kabla ya Kaptama nilitia mkono. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na nilipoutoa, tope laini lilibaki katika mistari ya kiganja.

Kapsokwony nilikula ugali na mboga, nikapata boda boda ya kunipeleka Kopsiro. Kijana aliyeniendesha alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Nilimwuliza kama anakumbuka vita vya ardhi vya hapa mlimani. Akasema, "Nakumbuka kulala kwenye mahindi." Hakusema zaidi mpaka tulipofika mahali pa wazi panapoonyesha bonde lote la Bungoma chini, limefunikwa ukungu, akazima pikipiki ili nitazame. "Chebyuk ndiyo hii," akasema.

Nilitarajia kuona alama yoyote, hata jiwe. Niliona vitunguu. Shamba baada ya shamba la vitunguu, kijani kibichi, na wanawake wakipalilia.

Jina Chebyuk lilikuwa kwenye redio kila siku nikiwa shule, na sikulielewa mpaka nikiwa mkubwa. Jamii ya Wasabaot ina watu wa juu na watu wa chini, na majina yao yenyewe yanasema hivyo, Mosop na Soy. Watu wa Mosop walikaa Chepkitale, nyika za juu kabisa, na wengi wao hujiita Waogiek. Mwaka 1968 Chepkitale ikatangazwa hifadhi ya wanyama, na kuanzia 1971 serikali ikawapa wakazi wake ardhi chini kidogo, msitu uliokatwa, ndio Chebyuk. Ardhi ile haikuwa tupu, na waliokwenda hawakuwa peke yao. Watu wa Soy nao waliingia, wengine wakanunua, wengine wakakaribishwa, wengine wakapewa na wakubwa waliokuwa wakitafuta kura. Ugawaji ukafanywa, ukafutwa, ukafanywa upya, awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila awamu orodha ya majina ilibadilika. Familia iliyojenga na kuzika wazee wake katika kipande fulani iliamka ikaambiwa kipande ni cha mwingine. Awamu ya tatu, mwaka 2006, maombi yalizidi vipande kwa mbali, na amri ya kuondoka ikatolewa. Hapo vijana walikuwa wamekwisha kuingia msituni.

Walijiita Sabaot Land Defence Force. Wanakijiji waliwaita Janjaweed, jina walilolisikia kwenye habari za Darfur. Walianza kwa kusema wanalinda ardhi ya watu wao, kisha wakatoza ushuru, wakahukumu, wakakata watu masikio, wakaua Wabukusu, wakaua Wasabaot wenzao waliokataa. Human Rights Watch iliandika Julai 2008 kwamba waliouawa walizidi 600 na makumi ya maelfu walihama makwao. Machi 2008 likaja jeshi, katika Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na wavulana wakakusanywa kijiji baada ya kijiji, maelfu yao, wakapelekwa Kapkota kuchunguzwa. Wengi walirudi wakiwa wameumizwa vibaya, na wengine hawakurudi. Serikali ilikanusha kwamba watu waliteswa. Kiongozi wa wapiganaji, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei mwaka huo, bunduki zikanyamaza, na Kenya, ambayo ilikuwa ikihesabu maiti wa uchaguzi, ikaendelea na mambo mengine.

Ninasisitiza mwanzo wa jambo hili kwa sababu watu wa mjini hupenda kusema ni ukabila. Vita hivi viliandaliwa na orodha. Orodha ilichapwa ofisini, ikafutwa ofisini, na aliyeifuta hakuwahi kulala kwenye mahindi.

Pale sokoni Kopsiro nilitaja jina la ukoo wa rafiki yangu kwa mwenye duka la pembejeo. Alinitazama kwa muda. Akaniuliza mimi ni nani kwao. Nikasema nilisoma naye, kitanda cha chini. Akafunga duka, akanipeleka mwenyewe kwa miguu, nusu saa ya kupanda.

Mama yake alikuwa akichambua maharagwe uani. Nilijitambulisha. Hakushtuka. Alinipangusia kiti, akaingia ndani, akarudi na chai, na baada ya kunipa kikombe ndipo akasema, "Wewe ndiye wa vitunguu? Aliniambia yuko mmoja anakula vibichi na chumvi." Ndimi. Nilishindwa kuinua kichwa.

Aliyasimulia bila kupandisha sauti. Ilikuwa mwanzo wa 2008, usiku, kabla mtoto hajarudi shule. Walikuja watu wenye bunduki na makoti marefu ya mvua. Wakamwita mumewe kwa jina. Alipotoka, kijana akatoka nyuma yake kwa sababu baba alikuwa hana viatu, akampelekea viatu. Wote wawili wakaambiwa watembee. Nilimwuliza, "Mama, walikuwa wa msituni au wa serikali?" Akasema, "Mwanangu, walikuwa wenye bunduki. Koti halina jina." Asubuhi alipata kiatu kimoja njiani. Alitafuta Kapsokwony, akatafuta hospitali ya Bungoma, akatafuta chumba cha maiti cha Webuye, akatafuta Kitale. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokuja kusikiliza watu wa mlima, alikwenda, akasema, wakaandika. Ripoti ilikabidhiwa Mei 2013. Machi 2015 Rais alitangaza Bungeni mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa walioumizwa na dhuluma za zamani. Alisikia tangazo hilo kwenye redio ya jirani. Hakuna kilichomfikia.

Kisha akaniita ndani. Sanduku lilikuwa chini ya meza, limefunikwa kitambaa cha mshono wa maua. Lilikuwa jekundu zamani. Sasa rangi imebaki kwenye pembe tu, na jina lake kwa rangi nyeupe, na namba ya bweni letu. Kufuli lilikuwa pale pale, limepakwa mafuta. Nilipiga magoti nikaligusa. Halikuwa na kutu. Mama alisema hulipaka mafuta ya kupikia kila mwisho wa mwezi ili siku mwenye ufunguo akija lisimsumbue. Hajawahi kulivunja. Mjomba alitaka, akamkataza. Wanawe wengine walitaka, akawakataza. Alisema majirani wa chini, Wabukusu, mtu wao akipotea kabisa huzika mgomba mahali pake, wakalia, wakamaliza. "Nawaheshimu," akasema. "Lakini mimi sitazika mti, na hili silifungui. Nikilifungua nimemzika."

Nilidhani nimefika mwisho wa ziara yangu. Nilikuwa nimekuja kuuliza, nimejibiwa. Lakini alisema, "Njoo nikuonyeshe kitu kingine," akanipeleka nyuma ya nyumba.

Shamba linapanda pale kwa ukali, na hatua kama kumi na tano juu ya jiko kuna ufa. Umejipinda kama mwezi mchanga, kutoka kwenye mpaka wa jirani hadi kwenye mgomba wa mwisho. Nilipousimamia, upande wa chini ulikuwa umeshuka kipimo cha shubiri moja. Nilitia fimbo, ikaingia mpaka mkononi. Mumewe alikuwa akichimba mfereji juu kila mwaka kuyapeleka maji pembeni, na alikuwa ameacha miti mikubwa mstari mmoja. Baada yake miti ilikatwa na watu waliokimbilia huku wakajenga, kwa sababu nao walihitaji pa kulala na kuni za kupikia. Ufa ulionekana mvua za 2019, zile zile zilizoua Pokot. Umekua. Mvua ikinyesha usiku, yeye na wajukuu wawili hulala kwa jirani wa ng'ambo.

Yeye anajua ufa kama huo huishia wapi. Ng'ambo ya mlima, upande wa Uganda, katika wilaya ya Bududa, tarehe 1 Machi 2010 mlima ulifunika kijiji cha Nametsi pamoja na zahanati yake, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 300. Wagisu wa Bududa na Wabukusu wa huku ni ndugu, wana tohara moja, na msiba ule ulililiwa pande zote mbili za mpaka. Serikali ya Uganda iliwahamisha manusura wengi hadi Kiryandongo, mbali kaskazini-magharibi, nchi ya tambarare. Baadhi walirudi. Oktoba 2018 tope likashuka tena Bududa, Bukalasi, likaua zaidi ya 40. Novemba 2024 likashuka Bulambuli, wilaya nyingine ya mlima huo huo. Wageni huwashangaa waliorudi. Mimi nilipoona vitunguu vya Chebyuk sikushangaa. Mtu aliyelishwa na udongo huo maisha yake yote, ukampeleka mahali ambapo jembe linagonga mawe, atakumbuka kwao.

Nilimwuliza mama kwa nini hauzi kipande hiki akanunua kidogo chini, hata nusu ekari, upande wa Chwele. Akarudi ndani, akatoa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na nakala ya kitambulisho cha mumewe, uso umefifia; karatasi ya polisi yenye namba ya kitabu cha matukio; barua ya naibu wa chifu ya 2009 yenye neno moja, "alipotea"; na karatasi ya ardhi. Jina kwenye karatasi ya ardhi ni la mumewe. Mumewe hajafa. Hana cheti cha kifo, kwa kuwa hakuna mwili, na bila cheti hakuna mirathi, na bila mirathi hakuna anayeweza kuuza, kukodisha kwa mkataba, wala kuchukua mkopo wa kuchimba mfereji. Kwa sheria, bwana wa nyumba ile alitoka bila viatu mwanzo wa 2008 na bado hajarudi kutia sahihi. Mke wake analala kwa jirani kwa sababu ya ufa, na hawezi kuuhama kwa sababu ya karatasi.

Hapo ndipo nilipoelewa safari yangu. Tunazoea kupanga majanga katika makabati mawili, ya Mungu na ya wanadamu, la kwanza tukilipelekea mablanketi na la pili tume ya uchunguzi. Katika ua ule nilishindwa kuyatenganisha. Orodha ya ofisini ilileta bunduki, bunduki ikamwondoa mchimba mfereji na kuwasukuma wengine kwenye mteremko, mteremko ukapasuka, na karatasi nyingine ya ofisini inamshikilia mjane chini ya ufa. Nasema mjane, yeye hakubali neno hilo, na ninamwomba radhi.

Nililala kwa mwenye duka. Hakukunyesha. Asubuhi niliteremka kupitia Sirisia hadi Chwele, ilikuwa siku ya soko, vitunguu vya mlimani vikishushwa kwa magunia kutoka kwenye malori, na nikafika Bungoma saa sita. Mama alikuwa amenikubalia kuchukua nakala za karatasi zake. Nilikwenda moja kwa moja mahakamani, kwenye masjala. Karani aliyenipokea alikuwa binti mpole, alisoma zile karatasi moja moja, akaniuliza, "Mbona hamkuja 2015?"

Sikumwelewa. Akanieleza, nami nayaandika alivyonieleza, kisha nikayathibitisha kwa wakili. Katika Sheria ya Ushahidi ya Kenya kuna kifungu cha 118A. Mtu ambaye kwa miaka 7 hajasikika kuwa hai na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, huchukuliwa kuwa amekufa, isipokuwa mtu alete ushahidi wa kinyume. Familia huomba Mahakama Kuu itamke hivyo. Huhitaji maiti. Unahitaji viapo vya jamaa na majirani, taarifa ya polisi, barua ya chifu, na maelezo ya mlivyomtafuta. Amri ikitoka, ndiyo inayofungua njia ya cheti cha kifo, na cheti ndicho kinachoanzisha mirathi. Kwa aliyepotea mwanzoni mwa 2008, miaka ilitimia 2015.

Miaka yote hiyo mfuko ule wa plastiki ulikuwa na karibu kila kitu kinachotakiwa. Hakuna aliyepanda nusu saa kutoka sokoni kumwambia. Tume ilikuja, mashirika yalikuja, wanasiasa walikuja kila baada ya miaka mitano, nami niliyesoma shule na mwanawe sikuja.

Nilimpigia simu mwenye duka, akampa mama simu. Nilimweleza. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja, kama amri hiyo itamhusu mzee peke yake au na mtoto pia. Nikamwambia yeye ndiye mwombaji, ataomba kwa anayemtaka. Akasema, "Basi tuandike la mzee. Mtoto mwacheni." Ombi la mzee tumekwisha kuliwasilisha. Sanduku bado limefungwa.

Wewe unayesoma haya, kama una ndugu au jirani kutoka Kopsiro, Cheptais, Kapsokwony, Sirisia au Endebess ambaye mtu wake alitoka nyumbani miaka ile na hakurudi, usimtumie maandishi haya. Mwendee. Mwombe akuonyeshe karatasi zake, hata kama ni mbili tu, umsindikize mahakamani. Masjala hufunguliwa saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa.